Bibi Harusi wa Ukurasa wa Arobaini na Sita

Kama kuna mtu mtaani Sham Shui Po aliyekuwa hajawahi kutamka neno "nimekosea", ni Bwana Mok Siu-kei. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akipanga siku za harusi na kuelekeza milango ya watu kwenye bahati, ghorofani juu ya duka la tambi, na kosa hakulijua linafananaje. Nyumba ikipata balaa baada ya yeye kuipima, kosa la seremala. Ndoa ikivunjika, walimdanganya saa ya kuzaliwa. Lakini tusimcheke sana, maana hesabu aliijua kweli kweli. Mtajie tarehe yoyote ya karne iliyopita, na kabla hujafunga mdomo kashakupa nguzo ya siku ile, yaani alama yake katika hesabu ya nyota, bila kugusa kitabu.

Kilichomtia hasira ni watu wa siku hizi. Anakuja kijana amepakata chura wa dhahabu wa kuvuta bahati aliyemnunua dukani, anataka kujua amweke pembe ipi apandishwe cheo. Mlango wako unatazama wapi? Hajui. Jengo lilikamilika mwaka gani? Hajui. Dira hajawahi kuishika.

"Basi mweke chooni," Mok humwambia, "angalau kule atapata maji."

Ndiyo maana Bi Yim, mhariri wa nyumba moja ya vitabu, alipomwomba aandike kitabu cha kuwaeleza watu wa kisasa mambo haya kama yalivyo, bila kuyapaka rangi, Mok alikubali chai ikiwa bado ya moto. Akaandika kurasa mia tatu. Bi Yim akafyeka zikabaki mia na ishirini. Nakala ya mwisho ilipoletwa aipitie, Mok alikuta jaladani chui milia aliyechorwa kama paka anayeomba samaki. Akanuna siku tatu nzima, kisha akatia sahihi bila kufungua ndani.

Kitabu kikagombaniwa. Mok akatembea kifua mbele.

Jumanne moja Mama Fung akapanda ngazi akihema, kitabu kile kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki kama dawa ya mgonjwa. Ni Mok aliyempangia Mama Fung siku ya harusi yake mwenyewe, na sasa ilikuwa zamu ya mwanawe, Hin-lam.

"Mwalimu, harusi ya mwanangu imekufa."

"Imekufa kwa ugonjwa gani?"

"Ugonjwa uko ukurasa wa arobaini na sita. Hin-lam kazaliwa mwaka wa Nyani. Mchumba wake, Pui-yan, kazaliwa tarehe thelathini Januari, mwaka tisini na nane. Jedwali lako linasema huyo ni Chui Milia. Nyani na Chui Milia wanagongana uso kwa uso, umeandika mwenyewe, tena kwa wino mzito!"

Mok akacheka. "Mama, kunywa chai. Binti huyo ni Ng'ombe."

"Ng'ombe wapi? Mwaka Mpya ule uliingia tarehe ishirini na nane. Nakumbuka, nilipika mimi."

"Huo ni Mwaka Mpya wa mwezi, wa kula na kugawa bahasha nyekundu. Kwenye hesabu yetu ya kuzaliwa, mwaka hugeuka siku majira ya machipuko yanapoingia, na hiyo huhesabiwa kwa jua. Mwaka ule ilikuwa tarehe nne Februari. Binti kawahi kwa siku tano. Na hata angekuwa Chui Milia! Mnyama wa mwaka ni nguzo moja katika nne. Kuna ya mwezi, kuna ya siku, kuna ya saa. Ya siku ndiyo mtu mwenyewe. Huwezi kuvunja ndoa kwa nguzo moja, kama usivyonunua nyumba kwa kuchungulia dirisha la choo."

"Maneno matamu. Mbona kitabuni hayamo?"

"Yamo!"

"Nionyeshe."

Mok akafungua. Akafungua tena. Jedwali lote lilikuwa limekatwa kwa Mwaka Mpya wa bahasha. Nguzo nne, alizoziandikia kurasa sitini, zilikuwa zimebanwa kwenye mistari minne, na pembeni pamechorwa ua. Masikio yakamchemka. Akachukua simu.

"Bi Yim! Nani kanikatia mwaka?"

"Mwalimu, tuliwapa watu wasome kwanza, wakachanganyikiwa. Kila mtu anajua mwaka unaanza Mwaka Mpya."

"Anajua vibaya! Si ndiyo maana uliniomba niandike?"

"Nakala nilikuletea. Sahihi yako ninayo hapa mbele yangu, nzuri kweli, ina mkia."

"Rekebisha."

"Toleo lijalo. Mwakani."

"Mwakani huyu mama atakuwa kashamtafutia mwanawe mke mwingine!" Akaibamiza simu mezani. "Umesikia mwenyewe, mama. Ni mhariri."

Mama Fung akaligeuza jalada. "Jina la mhariri liko wapi hapa?"

"Halipo."

"Lipo la nani?"

Mok akajikuna kidevu.

"Basi mimi nina Mok wawili," akasema mama. "Wa kitabuni kachapwa, anasomwa mji mzima. Wa mdomoni huenda anamwonea binti huruma. Nimwamini yupi? Na jana nimeshampigia simu mama yake Pui-yan. Nimemwambia mwanao atamla wangu. Unajua kanijibu nini? Keki za uchumba zimeshaliwa na jamaa zake arobaini, nani atazitapika? Jumapili tunakutana mkahawani, nyumba zote mbili, kuvunja. Ukitaka wasivunje, uje useme nani kakosea."

"Nitasema mhariri..."

"Nani kakosea, Mwalimu."

Siku tano Mok alizunguka chumbani akilijaribu neno la kusema. *Kulitokea hitilafu.* Zuri. *Kitabu kimepitiwa.* Zuri zaidi. Lile lenyewe lilipofika ulimini liligeuka likarudi kooni.

Jumapili mkahawa ulikuwa umejaa, vikapu vya maandazi ya mvuke vikipita vinafuka. Pui-yan alikaa katikati ya wazazi wake, macho yamevimba, anazungusha kikombe kitupu. Hin-lam ng'ambo ya meza hakuthubutu kumtazama.

Mok akasimama. "Jamani, kwenye uchapaji kulitokea hitilafu..."

"Kwa hiyo ni mashine?" akauliza Bwana Tsang, baba wa binti, bila kuacha kutafuna.

Pui-yan akainua uso, akamkazia Mok macho. Bora angemtukana.

"Hapana," Mok akasema. "Si mashine. Nilikosea mimi. Nilitia sahihi bila kusoma. Binti ni Ng'ombe. Na nguzo zake zote nne nimezipigia hesabu pamoja na za Hin-lam, zinakaa pamoja vizuri kuliko za wengi niliowaoza."

"Rudia kidogo, Mwalimu," akasema Bwana Tsang. "Upande huu hatukusikia."

"Umesikia vizuri sana wewe!"

"Masikio ya uzee haya, ndugu yangu."

"NILIKOSEA!" Mok akapiga kelele, na watu wa meza tatu za jirani wakageuka, vijiti hewani.

Mama Fung akainuka. Akashika birika kwa mikono miwili, akammiminia chai mama yake Pui-yan. Mama yule akakitazama kikombe kikifuka, akakiacha kifuke. Kisha akagonga meza kwa vidole viwili, taratibu, kama anavyoshukuru mtu aliyemiminiwa.

Hin-lam akamtazama Pui-yan kwa mara ya kwanza siku ile. Mok naye akakaa, uso mwekundu, akachomoa kalenda yake ya siku njema ili awatafutie mwezi.

"Soma kwanza," Mama Fung akamwambia, "halafu ndipo useme."