Maharage ya Mama Yaliporudi Ileje

Mama aliolewa Hasamba akitokea Ileje, na pamoja na blanketi na sufuria alibeba mbegu za maharage ya mama yake: makubwa, ya kutambaa, yenye ua jekundu la kuonekana toka barabarani. Kwao binti haolewi mikono mitupu.

Ua lile lilikuwa gumu kulifungua. Walioliweza ni nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao, na walikaa kwenye nguzo za jiko letu la zamani. Tulipojenga jiko la tofali tulizifanya nguzo zile kuni. Kwa kweli tulifurahi, maana unga wa mbao ulikuwa unatuangukia kwenye ugali.

Msimu uliofuata nyuki hawakuonekana; maua yalichanua, yakapukutika, na mashina mengi hayakushika hata ganda. Machache yalizaa yenyewe bila mgeni. Mama akatunza mbegu za hayo, kama alivyofundishwa, kwamba mbegu huchukuliwa kwa mzaaji. Nani angemkosoa? Mwaka hadi mwaka tukapanda uzao wa yale yasiyohitaji nyuki. Maganda yakajaa tena, ila ua likapungua na wekundu ukafifia. Ule utamu tuliokuwa tukiufyonza utotoni ukakauka. Tuliona, tukasema udongo umechoka. Inaniuma hadi leo. Tulikuwa tunashiba, basi, hatukuuliza zaidi.

Mwaka juzi shamba la mama mkubwa, dada yake mama aliyebaki Ileje, liliporomoka na mvua na mbegu yake yote ikaenda. Akapiga simu: "Mdogo wangu, niletee yetu." Nilikuwa sijamwona mama akifurahi vile tangu baba afariki. Alichambua punje moja moja, akazipeleka mwenyewe, akazipanda mwenyewe.

Yalipochanua nilienda naye. Kule nyuki weusi bado wamejaa. Mmoja akaja, akalizunguka ua la mama, akaligusa, akaenda zake kwenye maboga ya jirani. Wa pili naye vivyo hivyo. Mama mkubwa akaviinamia vile viua vilivyopauka, kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeogopa kuudhi:

"Mdogo wangu, haya uliyatoa wapi?"

"Ni yale yale, dada," mama akasema. "Ni ya mama."

Mama akarudia, "Ni ya mama," na safari hii alikuwa analia.