Nilikimbia kwa Jina la Ndugu Yangu

Mimi ndiye niliyempeleka ndugu yangu kwenye mawe. Si chifu, si askari wa kanjo, wala si ugonjwa. Ni mimi! Someni hadi mwisho kabla hamjanitukana, ingawa hata mkinitukana sasa hivi sitajitetea.

Jina langu sitaliandika. Mke wa ndugu yangu bado yuko hai, na kwetu watu ni wale wale.

Yalitokea miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa kibarua katika mashamba ya chai ya Kericho, na kodi yangu ya kichwa ilikatwa kwenye mshahara kabla sijauona. Mdogo wangu, nitamwita Ombati, alibaki nyumbani karibu na Kiogoro pamoja na mke wake nitakayemwita Kerubo, migomba yao na chai changa waliyokuwa wamepanda. Kwake kodi haikukatwa popote. Ilimfuata kwa miguu, imeshika rungu.

Wa umri wangu mnakumbuka. Askari wa kanjo, ile halmashauri iliyodai kodi, wanatokea kumepambazuka tu, wanaume wanachomoka kwa mlango wa nyuma, wanalala kifudifudi katikati ya migomba. Ombati hakuweza kuchomoka. TB ilimla kifua akiwa kijana. Alitibiwa akapona, lakini akipanda kilima na mzigo ilikuwa lazima asimame, ashike magoti, avute pumzi kama mtu aliyetoka majini.

Basi yeye ndiye aliyekamatwa kila mara. Walimfunga kamba moja na wenzake wakampitisha katikati ya soko la Keumbu, watu wamejaa. Kerubo alikuwa hapo anauza ndizi. Aliniambia aligeuza uso haraka, mume wake asijue ameonekana.

Hilo neno lilinichoma. Nalisema si kwa kujitetea. Nataka tu mjue nilianza nikiwa na huruma.

Kisha tukaletewa chifu mpya, mgeni kabisa kwetu, mtu aliyewahi kuwa askari jeshi. Katika baraza lake la kwanza alisema wanaume wamelegea kwa pombe, na nchi changa haijengwi na watu wenye vitambi. Akatoa mpango wake. Mwanamume ambaye bado hajalipa, akikimbia kutoka Kiogoro hadi soko la Keumbu bila kutembea hata kidogo, atasamehewa kodi ya mwaka ule! Alisema wakubwa wa kanjo wamekubali. Watu walipiga makofi na vigelegele.

Mzee mmoja alisimama akauliza, "Na yule mgonjwa je, chifu?"

"Mgonjwa atalipa," chifu akajibu. "Akiona uchungu, atafute afya."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka! Nilikuwa nimekuja likizo, nimesimama nyuma kabisa, na kichwani nilikuwa tayari nimeshapanga.

Jioni ile nilimwambia Ombati, "Nitakimbia badala yako."

"Yaya, kaka," akakataa kwa Kigusii. "Hapana. Huo ni uongo."

"Uongo gani? Sura ni moja. Chifu hakujui, karani wake hakujui. Ni mbio tu!"

"Sabato nitasimama kanisani na uongo huo mdomoni?"

"Basi ufungwe kamba tena. Kerubo akuone tena."

Niliona uso wake ukishuka. Nilijua nimempiga mahali panapouma, na sikusimama hapo. Nilimwambia mwanamume anayekataa msaada wa kaka yake anapenda aibu. Kerubo alikuwa anasonga obokima, ugali wetu wa wimbi. Mwiko ukasimama sufuriani.

Mwishowe Ombati alisema, "Fanya unavyotaka. Lakini mimi sijakutuma."

Siku ya mbio nilivaa shati lake. Na nilikimbia! Wee, nilikimbia! Wanaume walikuwa wanaanguka kando ya barabara, wanatapika, wengine wanatembea wakiona aibu, nami napanda ule mlima kama sina mwili. Nikiwa naingia Keumbu wanawake wa soko walinishangilia. Karani akauliza jina nami nikataja jina la ndugu yangu, sauti wazi, bila kumeza mate. Chifu mwenyewe alinishika mkono.

"Wewe ndiye mwanamume," akasema.

Nitawaambia ukweli mchungu zaidi. Nilifurahi. Pale nilisahau kabisa kwamba nilikuwa nafanya kwa ajili ya Ombati.

Baraza lililofuata, waliomaliza mbio waliitwa mbele. Ombati alitoka akasimama na wale wenye vifua vipana, mikono nyuma. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya watu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Chifu alipita mbele yao akitabasamu.

"Hawa ni simba wangu," akasema. "Lakini serikali haigawi vitu bure. Aliyesamehewa kwa sababu ya nguvu, atalipa kwa nguvu. Kuanzia Jumatatu mtapasua mawe ya barabara ya kwenda kituo cha majani chai. Na atakayesema hawezi, tutajua alidanganya siku ya mbio. Huyo ni wa korti!"

Ombati aligeuza kichwa, akanitafuta katikati ya watu mpaka akanipata. Hakukunja uso. Aliniangalia tu, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi.

Ningeinua mkono. Kuinua mkono tu! Niliangalia viatu vyangu.

Tulirudi nyumbani. Kerubo ndiye aliyeanza.

"Shemeji, nenda useme."

"Nikisema tutafungwa wote wawili. Mimi kwa kukimbia, yeye kwa kukubali. Utakula nini?"

"Yeye hakukubali."

"Nani ataamini?"

Ombati akasema, "Wacha, Kerubo. Nitapasua polepole."

Aliingia machimboni Jumatatu. Nyundo juu, nyundo chini, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Siku ya kwanza alirudi akikohoa kidogo. Siku zilizofuata hakuweza kula. Mimi nilikuwa nimekaa pale nyumbani na likizo yangu, nimeshiba, mzima kama ng'ombe dume, nasikia kile kikohozi kupitia ukutani.

Mwisho nilishindwa. Nilichukua kibuyu cha uji nikaenda machimboni, nimeamua kumtoa. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya jiwe. Hakuwa anapiga, alikuwa ameliegemea. Msimamizi wa mawe alinijia akinitazama mimi, kisha Ombati, kisha mimi tena. Alikuwepo Keumbu siku ile ya mbio.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

Nilifungua mdomo. Lilikuwa swali rahisi kuliko yote niliyowahi kuulizwa.

"Mimi ni kaka yake," nikasema. "Nimemletea uji."

"Mbona mnafanana hivi? Na mbona mmoja wenu tu ndiye amechoka?"

Ombati ndiye aliyejibu. "Nililala vibaya, bwana." Akainua nyundo, akapiga jiwe mbele yetu sote ili yule mtu aniache. Akapiga tena. Nilimwachia uji nikaondoka. Mwenzenu, niliondoka! Nilitembea haraka, na nyuma yangu nikasikia nyundo ikianguka na watu wakipiga kelele.

Alikuwa anatapika damu.

Tulimbeba kwa machela ya miti mpaka barabarani, tukapata lori la ndizi likatufikisha hospitali mjini Kisii. Daktari alimsikiliza kifua, akanyanyuka na hasira. "Nani alisema mtu huyu ni mzima wa kupasua mawe?"

Kerubo alininyoshea kidole.

Kesho yake nilienda kwa chifu. Nilisimama mbele ya meza yake nikamwambia yote, mbio, shati, jina. Nilimwomba anifunge. Niliomba pingu kama mtu anavyoomba maji!

Chifu alikwenda akafunga mlango. "Mkuu wa tarafa, DO mwenyewe, ameusifu mpango huu mbele ya machifu wote," akasema kwa sauti ya chini. "Unataka waseme simba wangu ni wagonjwa na wezi wa majina? Toka hapa. Na usirudie habari hiyo popote."

"Na ndugu yangu?"

"Akipona asirudi kwenye mawe. Tutasema amemaliza zamu."

Basi nikanyamaza tena, na safari hii ndiyo mbaya zaidi kwa maana sikuwa tena na woga wa kusingizia. Niliambiwa ninyamaze nikaona nafuu.

Ombati alirudi nyumbani baada ya muda mrefu, lakini jembe hakulishika tena. Niliacha kazi Kericho nikaja kuwalimia. Kerubo alinionyesha mahali pa kulima, basi. Hakuniita shemeji tena. Na mwaka uliofuata, mnajua nini? Mbio zilikuwepo, wenye miguu wakasamehewa, na askari wakaja kumdai Ombati kodi akiwa amekaa juani na blanketi.

Mwenyewe hakuwahi kunilaumu. Siku moja tu, nikipalilia chai yake, alisema, "Kaka, ungeniuliza mimi nataka nini, ningekwambia nataka ukae na mimi. Kamba nilikuwa nimeizoea."

Alifariki kabla chai ile haijakomaa. Siku ya mazishi, vijana walipoanza kuchimba kaburi nilishika jembe, maana ni desturi na ni ndugu yangu. Kerubo alisimama mbele ya wazee na mchungaji.

"Huyu asichimbe," akasema. "Huyu alishachimba."

Hakuna aliyenitetea. Niliweka jembe chini nikakaa na wageni.

Sasa hivi, wakimbiaji wetu wanaposhinda ng'ambo, nasikia watu wakisema hotelini kwamba serikali ingefaa kuwapunguzia kodi wote wanaofanya mazoezi, ili taifa liwe na afya. Labda wana nia njema. Mimi siwezi kubishana nao, nalipa chai yangu natoka. Lakini mkifika huko, ulizeni lile swali la mzee tulilolicheka. Na yule mgonjwa je? Mkimpa mwenye mapafu zawadi, kuna mtu atatafuta mapafu ya kuazima.

Na wewe uliyedanganya kwa kumpenda mtu, ukadhani upendo utausafisha uongo wako, nakuonya. Usingoje afe ndipo ulie. Usiende kuungama kwa siri kwa mkubwa ambaye ukimya wako unamfaa, kama nilivyofanya mimi. Nenda barazani, mbele ya wale wale uliowadanganya, inua mkono, useme jina lako mwenyewe. Wakikufunga, utatoka. Mimi sikufungwa hata siku moja, na sijatoka mpaka leo.