Kravati yenye ilivaliwa mu giza ya sinema

Wakuu, hodi humu ndani. Naleta yenye ilinifikia mi mwenyewe. Sitatia chumvi, iko na yake tayari.

Nilikulia Bukavu, wakati ya Zaïre. Siku ya Mungu, kisha misa, mbio ku sinema. Filme ya cow-boy! Batu balikuwa banapigia akteri makelele: "Nyuma yako! Geuka, we kipofu!" Asipogeuka, tunamukasirikia wiki muzima.

Sasa, ile miaka kravati, ile tai ya kizungu, ilikatazwa. Mwanaume alivaa abacost, ile koti ya kufunga mpaka shingoni. Kravati ilikuwa kutafuta matata na bijana ya chama ya serikali.

Mwalimu moja, Bahati, alikuwa anataka kunioa. Papa alichoka: "Mujibu mbele ya Noeli, ao umwambie aache kumaliza viatu ku njia ya kwetu."

Bahati akanipeleka sinema. Mi bado sijui nitamujibu nini.

Taa zikazimika. Naangalia pembeni, mu mwangaza ya filme: Bahati amefungua abacost, anafunga kravati! Nyekundu!

"We, uko muzima?"

"Akteri iko nayo. Nilitaka unione hivi, hata mara moja."

Jamani, nilicheka mpaka machozi. Lakini nilimupenda hapo hapo, sifichi.

Njo filme ikakatika. Taa, pa! Na kijana ya chama huyu hapa, anapita kati ya viti.

Bahati anavuta fundo. Kumbe alifunga ile ya kufungia mbuzi: akivuta, inakaza. Macho yanamutoka. Akanong'ona, "Nimekwisha."

Nikashika kravati, nikaipitisha juu ya kichwa yake kwa nguvu, sikio nusura libaki. Nikajizungushia ku nywele.

Kijana akasimama, akaniita "mwananchi" mu Kifaransa, vile chama ilitaka. "Citoyenne, iko nini ku kichwa?"

"Kitambaa, citoyen."

"Mbona inaninginia mbele?"

"Njo mode ya Kinshasa."

Akatikisa kichwa. "Batu ya Kinshasa, ah!" Akaenda.

Filme ikarudi. Nikamwambia Bahati: "Kesho kuja kwa papa. Nikikuacha peke yako, watakufunga mbele ya Noeli."

Funzo, wakuu: mwanaume akijitia mu hatari ju ya kukupendeza, mupende, lakini umuchunge.

Kisha miaka, kravati iliruhusiwa. Bahati yangu iko nazo saba. Mpaka leo mi njo namufungia, ju yeye anajua ya mbuzi tu.

Na nyie, sinema ya kwenu iliwaachia nini? Semeni, nasoma.