Nyama za Mkono Wangu

Shangazi yangu mkubwa hakuulizi hali. Ukimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, halafu anakukamata mkono, hapa juu karibu na bega, anauminya. Nyama zikijaa, ndoa imetulia. Akigusa mfupa, unateseka. Amemaliza, ameshajua maisha yako yote.

Mimi alinipima siku nilipotoroka kwa mume Manyoni, nikafika kwake Singida mjini na kusema sirudi tena. Alikuwa anakula kuku, wala hakunawa. Akauminya mkono wangu kwa vidole vinavyochuruzika mafuta, akacheka. "Huyu ndiye anateswa? Mbona amenona hivi?" Wanawake wote sebuleni wakacheka. Ni kweli nilikuwa nimenenepa. Nilinenepa kwa kujificha jikoni nikila viporo, ugali wa jana, chochote kile, maana nikiwa natafuna angalau sikuwa nalia. Lakini nani aliuliza? Kesho yake wakanipandisha basi, nikarudishwa. Alama ya vidole vyake ilibaki kwenye gauni, na nilivyoionea kinyaa nikalichoma moto.

Niliondoka tena baadaye, safari hiyo bila kumwambia mtu. Sasa nakaa peke yangu, nauza vitunguu sokoni, nimekonda, na usiku nalala fofofo. Shangazi akinishika mkono anasikitika. "Mwanangu, umekwisha." Namwitikia tu. Moyoni natamani kutapika.

Idi iliyopita tulikusanyika kwa shangazi, akaja binti yake wa mwisho, aliyeolewa Kintinku. Mashavu yamemjaa. Shangazi akamkamata mkono pale pale mlangoni, akauminya, akapiga kigelegele. "Mnaona? Mwanangu anakula raha!" Wenzake wakaitikia. Binti akatabasamu huku anaangalia chini, na ile harufu ya kuku na vidole vya mafuta ikanipanda kooni upya.

Nikamwita jikoni anisaidie kuchambua mchele. Sikumgusa. Nilimuuliza kitu kimoja tu, kama usiku anapata usingizi.

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Sebuleni mama yake alikuwa anapaza sauti, binti aongezewe nyama, asirudi kwa mumewe amepungua.

"Silali, dada," akasema.

Nikamfungulia mlango wa nyuma. "Chukua mtandio wako. Leo unalala kwangu."