Konokono wa Mkwe Niliowapanga kwa Rangi

Yaliyonipata wakati ule tumehamia kijiji cha ujamaa hapa karibu na Misigiri, wajukuu zangu mnayacheka tu, lakini mimi hata leo nikiyakumbuka najifunika khanga usoni.

Kijana aliyemposa binti yangu Mariamu alikuwa anasomea wanyama wa bahari huko pwani, akaja na picha alizozichora mwenyewe za konokono wasio na nyumba mgongoni, wekundu, wa bluu, wenye madoa, wanapendeza kama vitenge. Jioni alikuwa awafundishe watu wazima darasani, na mume wangu ameshasema akifundisha vizuri ndipo atapewa jibu la posa. Basi akazipanga picha mkekani mafungu mafungu, akatoka kusalimia wazee. Mimi nikataka kufagia (nani alinituma?), nikazikusanya, kisha nikazirudisha tunavyopanga mbuzi wetu, wekundu huku, wenye mabaka kule, nikaona nimemsaidia. Kumwambia sikuweza, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso, na Mariamu nikasahau kumtuma.

Darasani kijana akainua picha ya kwanza bila kuitazama. "Hawa wote ni ukoo mmoja, wanapumua kwa hili shada la nyuma mgongoni."

Mzee mmoja akauliza, "Mbona huyo hana shada, ana vidole mgongo mzima?"

Akainua nyingine, vidole tena. Watu wakacheka mpaka mabenchi yakalia. Mume wangu akasimama. "Mtu asiyejua mifugo yake, nimpe binti yangu?"

Mariamu akaanza kulia. Nikainuka, nikampa yule kijana mgongo.

"Mariamu, mwambie mwenzako picha nimezipanga mimi, kwa rangi, kama mtu mwenye akili."

Naye akanipa mgongo. "Mariamu, mwambie mama rangi inadanganya. Ndugu wa ukoo mmoja wanaweza kutofautiana rangi kabisa."

"Mwambie nimezaa watoto saba, hakuna aliyenidanganya."

"Muulize mama, hao saba wana rangi moja?"

Darasa zima likanigeukia. (Wa tatu mweusi tii, wa nne mweupe kama bibi yake.) Nikajifunika khanga usoni. Mume wangu alicheka mpaka akakaa, posa ikapita palepale, kwa fedheha yangu mimi.

Tangu hapo mkwe akija, hata kikombe alichonywea sikigusi mpaka aondoke. Kama ni nzi, na waje.