Mbuzi ya Mumbere Ilifungiwa Ndani ya Simu

Nabeti na wewe soda baridi, hii hutaamini. Hata mimi Tonny, mutu mwenye maneno kuliko soko yote ya Bwera, mwenye alishinda shule akaiacha darasa ya tano, nilipoona nilinyamaza. Uliza batu kama nimewahi kunyamaza.

Mumbere ni fundi wa nguo. Cherehani yake iko karibu na viatu yangu ya mitumba, viatu nzuri kuliko ya Kasese nzima. Ni mutu mupole: ukimutukana, anapima kiuno yako. Lakini kwa karata ya simu, ile banaita poka, alikuwa mutu mwingine. Ojok, fundi wa simenti, ndiye alimufundisha, halafu Ojok mwenyewe akaanza kumukimbia. Muguu kwa cherehani, kidole kwa simu, anakula pesa ya batu wa Ulaya.

"Unabafanya nini hao wazungu?" nilimuuliza.

"Nangoja tu," alisema. "Hao hawawezi kungoja."

Pesa yenye alikula hakutoa. Hapa kwetu ukiweka pesa nyumbani, shangazi anagonjeka. Ukiweka kwa namba ya simu, kaka yako anajua mbele yako. Mumbere akaiacha ndani ya ile saiti ya karata, kwa sababu huko hakuna ndugu anafika. Ilikuwa ya kununua mbuzi ya mahari ya Phionah, binti ya muzee Syahuka wa Bwesumbu. Muzee hakutaka mbuzi moja moja. Alisema, "Ije yote siku moja, majirani baone."

"Bwana harusi," nilikuwa namutania, "mbuzi yako inakula nini huko ndani ya simu? Chaji?"

Halafu redio ikasema serikali imefunga michezo ya pesa ya intaneti yenye haina laiseni. Mumbere alifungua simu, ikakuja ukurasa mweupe. Akazima, akawasha. Akapanguza kioo na kitambaa ya mteja.

Tulienda Kasese. Ofisi moja ikasema hiyo mambo ni ya Kampala. Tukapiga Kampala, ikasema pesa ya bachezaji imeshikwa mpaka kesi iishe, na kesi haijaanza. Tukaenda polisi. Afande alisikiliza vizuri, akashika kalamu.

"Kwa hiyo ulikuwa unacheza kamari yenye haina ruhusa?"

"Afande, mimi nataka pesa yangu tu."

"Sawa. Niandike wewe ni mulalamikaji ama mushitakiwa?"

Mumbere aliniangalia. "Andika tulikuja kusalimia, afande," nikasema, tukatoka.

Mimi ndiye nilipata akili. Serikali yetu si inaishia kwa daraja ya Mpondwe? Tulivuka Kasindi, tukanunua laini ya Congo, tukaiweka kwa simu. Saiti ikafunguka! Pesa iko yote. Nilicheza ngoma barabarani, mama wa samaki akanipigia makofi.

Mumbere akabonyeza kutoa. Ikakataa. Pesa inaenda tu kwa namba yenye alijiandikisha nayo, ya Uganda, na hiyo ndiyo serikali imezuia. Akabonyeza tena na tena. Kitu moja tu ilikubali: kucheza.

"Cheza basi," nilisema.

"Nikishinda, Tonny, inaongezeka huko huko."

Phionah alilia mpaka baba yake akashuka kutoka Bwesumbu. Tulimuvusha muzee Syahuka mpaka Kasindi, tukamupa simu. Aliiangalia sana.

"Ni mingi," alisema. "Inatosha mbuzi?"

"Inatosha na inabaki, baba," Mumbere alisema.

"Basi itoe."

Mumbere alibonyeza kutoa, ikakataa. Mimi, bingwa wa maneno, hapo ndipo nilinyamaza. Muzee alirudisha simu na mikono mbili, pole pole, kama mutu anarudisha mutoto kwa mama yake.

"Mwanangu, sijakataa. Lakini majirani bataangalia wapi?"

Tulibaki kwa daraja, muzee amepanda boda ameenda. Mumbere akazima simu. Nikamwambia, "Umesikia amekuita mwanangu? Huyo atangoja, hata miaka."

Mbele ya Pasaka, mbuzi ya mutu mwingine, wa Karusandara, ilipanda Bwesumbu kwa mahari ya Phionah, yote siku moja, majirani bakaona. Mumbere alikuwa Kasindi, simu mukononi, anaangalia pesa yake.

Nilisema muzee atangoja. Nilikosea.