Kinyumenyume na sakafu ya jirani

Ni Jumamosi asubuhi, na mpiga picha anatoka studio kwake akitanguliza mgongo. Jicho limeganda kwenye kamera, kisigino kinapapasa kizingiti, kinavuka korido, kinaingia duka la ushonaji lililo mkabala. Hageuki hata mara moja kutazama anakokwenda.

"Ingia, mdogo wangu, meza ya pasi nimeshaisogeza," anasema fundi cherehani, mguu ukiwa bado kwenye pedali.

Kule studio, watu tisa wa ukoo mmoja wamejipanga mbele ya pazia la buluu, babu kakalishwa katikati.

"Babu, kola yako imelala," fundi anapaza sauti juu ya bega la mpiga picha. "Na wewe shemeji wa pembeni, acha kubana pumzi. Picha hatuuzi kwa kilo."

Wote tisa wanacheka. Hapo ndipo kamera inapobofywa.

Korido nzima inamwita mpiga picha huyu Kinyumenyume, naye ameshalizoea jina. Ana miaka arobaini na miwili, watoto wawili, na nyumba ambayo kuta zimesimama lakini bati bado. Kazi yake ni picha za vitambulisho siku za wiki na picha za familia Jumamosi. Mwezi ukiwa mzuri analipa pango, karo na umeme, kisha kinabaki kidogo cha kununua mabati mawili matatu. Mwezi ukiwa mbaya, mabati yanasubiri.

Kurudi nyuma si mbwembwe. Kamera yake ni ya kihisi kidogo. Kihisi ni kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, mahali ilipokuwa ikikaa filamu zamani. Kikiwa kidogo, kinakata kingo za picha, na lenzi yake ya milimita hamsini inaona eneo finyu.

"Mtu mmoja, raha tupu," anasema. "Wakifika watano, naanza safari. Wakifika tisa, niko kwa dada."

"Dada" ndiye huyo fundi cherehani, mjane aliyemzidi miaka kumi na ushei. Hawana undugu wa damu. Wana undugu wa milango inayotazamana, na umetimiza miaka kumi na mmoja.

Mwaka huu undugu huo ulitikisika kidogo.

Fundi alipata kazi ya kushona sare za shule, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Ili aiweze, alihitaji cherehani ya pili na wifi yake aje kumsaidia. Duka lake limejaa hadi mlangoni, ila kipande kimoja cha sakafu kiko wazi siku zote.

"Nilikuwa nimeinama nafunga taa yangu," anasimulia Kinyumenyume. "Nikamsikia muuza cherehani akimwambia, 'Si uiweke hapa?' Dada akamjibu, 'Hapo pana mwenyewe.' Moyo uliniuma. Mwenyewe gani, na mimi sijawahi kulipia hata kigae kimoja cha sakafu ile?"

Siku chache baadaye akasikia fundi anafikiria kuirudisha kazi ya watu. Kinyumenyume akapiga moyo konde. Atanunua kamera ya kihisi kikubwa, ile ambayo wapiga picha huiita fulfremu. Kwa lenzi yake ileile angeona eneo pana zaidi, na angeweza kupiga ukoo mzima akiwa mlangoni kwake. Bei yake ni kipato chake cha miezi minane. Kwa maneno mengine, ni paa zima la nyumba yake na misumari yake.

Kabla hajatoa fedha, aliazima moja kwa mpiga picha wa sherehe anayejulikana kama Bwana Harusi. Jina hilo alipewa kwa sababu kila Jumamosi yuko harusini, na mwenyewe hajaoa hadi leo.

Jumamosi hiyo Kinyumenyume hakuvuka korido. Aliegemea fremu ya mlango wake, na familia ya watu wanane ikaenea yote, picha kali mpaka nyusi zinahesabika. Wateja walilipa, wakaondoka kimya kama walivyokuja. Jumatatu wakarudi na picha mkononi. Mkwe alikuwa amefunga vifungo vya shati kombo, upande mmoja juu, mwingine chini, na hakuna aliyemwambia.

"Niliitazama kamera, watu sikuwatazama," anakiri. "Siku zote anayewatazama ni dada."

Na dada Jumamosi hiyo alikuwa ameurudisha mlango wake nusu.

"Nilidhani nimemkosea," anasema fundi, akikata uzi kwa meno. "Tangu mume wangu afariki, mgeni asiyebisha hodi hapa kwangu ni ule mgongo tu. Nimeuzoea. Nilihuzunika, sitaficha."

Jumatatu hiyo jioni walisimama koridoni, kila mmoja mbele ya mlango wake.

"Kumbe umenihama?" fundi alianza.

"Nakuachia nafasi, dada. Weka cherehani yako."

"Nani kakwambia naihitaji?"

"Na wewe nani kakwambia urudishe kazi ya watu kwa ajili ya mgongo wangu?"

Wakanuniana. Bwana Harusi alipokuja kuchukua kamera yake aliwakuta wamenuna vivyo hivyo, akauliza kuna msiba gani. Akaelezwa. Akamgeukia Kinyumenyume.

"Kwa hiyo unachotaka ni kusimama mlangoni kwako tu?"

"Basi."

"Na kwa hilo unauza paa? Kaa na kamera yako. Ivalishe lenzi ya milimita thelathini na tano, utapata upana uleule."

Kinyumenyume hakushawishika upesi. Aliwahi kujaribu lenzi pana iliyokuja na kamera, akaizungusha hadi upana wake wa mwisho, na mama mkwe aliyesimama pembeni akatoka na shavu lililovutika kama unga wa kukanda. Ukoo ule haujarudi tena.

"Ile ni pana kupita kiasi, na ulimsogelea mno," alisema Bwana Harusi. "Mimi napiga kwenye kumbi zenye giza, fulfremu inanifaa. Wewe una taa zako na ukuta wako. Mchagua jembe si mkulima."

Wakapanga viti ukutani, wakajaribu ile thelathini na tano aliyokuwa nayo Bwana Harusi. Viti vya pembeni vilitoka vimenyooka. Lenzi hiyo, iliyokwishatumika, Kinyumenyume aliinunua papo hapo kwa fedha za mabati machache.

Cherehani ya pili iliwasili wiki iliyofuata. Fundi alimpa wifi yake ile ya zamani, na mpya akaiweka pale pale palipokuwa na mwenyewe, imeelekea mlangoni. Sasa anashona akiwa ameketi mahali aliposimama jirani yake miaka yote, na anaona kila kitu.

"Mama, mkoba uweke chini, hakuna mwizi hapa!" sauti yake inavuka korido. Watu wanacheka, kamera inabofywa.

Kinyumenyume anasema paa litachelewa kidogo, lakini litaezekwa. Ana mpango mwingine ulio karibu zaidi. Alipokuwa akipanga picha zake za zamani kompyutani, aligundua kwamba kwa miaka kumi na mmoja hajawahi kumpiga fundi hata picha moja. Kila picha ilipopigwa, fundi alikuwa nyuma ya kamera.

Atampiga kwenye cherehani mpya, kwa lenzi yake ya zamani ya hamsini, sare zikiwa zimerundikwa pembeni. Kwa lenzi hiyo itambidi arudi nyuma, na safari hii atarudi kuelekea kwake, mpaka mgongo uguse pazia la buluu.

Fundi amekubali kwa sharti moja: ajishonee kwanza gauni jipya.

"Na litakuwa tayari lini?" anaulizwa.

Anainama juu ya sare. "Litakuwa tayari yeye akishanijibu jambo moja. Nani ataniangalizia kola?"